Foleni ya Maji Darasani

Ofisini kwa walimu, Bi Kimya alikuwa mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Mwalimu Mkuu akikohoa tu, kikombe chake cha chai kilitetemeka. Mimi, mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani yake, nilimwona wa hivi hivi tu, mpaka siku niliyomwona akiigiza.

Kipindi chake cha maigizo kilikuwa na sheria moja. Akishajitanda mtandio wake wa kijani, yeye si mwalimu tena, na yeyote anayevuka mlango ameingia mchezoni, awe nani. Wanafunzi hawakuivunja hata siku moja.

Asubuhi hiyo Mkuu alikuwa ameamua kukifuta kipindi hicho na kunipa mimi saa zake, maana hesabu zilitutia aibu kwenye mtihani. Nilimfuata Mkuu nyuma kwenda kumpa Bi Kimya habari, huku nikichekelea kimoyomoyo.

Tulimkuta Bi Kimya kageuka mwenye kisima, bibi mmoja mwenye roho ya korosho. Wanafunzi walikuwa wanakijiji, wamepanga foleni mbele ya meza, kila mmoja na maneno yake ya kuombea maji. Kabla Mkuu hajafungua kinywa, msichana wa mwisho kwenye foleni alimkabidhi ndoo tupu.

"Panga foleni, mzee. Na sisi tuna kiu."

Nasema kweli, akapanga.

Zamu yake ilipofika, Bi Kimya alimtazama kuanzia viatuni hadi utosini. Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia.

"Kwangu maji hakuna. Rudi ulikotoka."

Nywele zilinisimama. Nikajua mwenzangu ameshamwaga unga. Lakini Mkuu, bingwa wa kukatalia watu, alianza kubembeleza: ana watoto nyumbani, mdogo hajanywa kitu tangu kulipokucha. Macho yake yalikuwa yamelowa, nami nilistaajabu mpaka nikasahau kilichonileta.

Kengele ikalia. Bi Kimya akavua mtandio, akarudia woga wake, akamwamkia Mkuu na kumuuliza kwa sauti ndogo alikuwa na shida gani.

Mkuu aliitazama ile ndoo mkononi mwake.

"Kipindi kingine ni lini, mwalimu?" akauliza. "Bado sijapewa maji."