Nilifunga Siku Tatu, Kanzu Ikabaki Imeungua

Mimi ndiye nilichoma kanzu ya baimbaji ba korali. Jirani yetu, maman mwenye kufuaka kanzu zote za kanisa, alikuwa ameniomba nimusaidie kupiga pasi. Nilikuwa na haraka. Niliacha pasi yetu ya makala, yenye moto, juu ya kola, nikaenda kuangalia telefone. Kisha nikakunja ile kanzu vizuri, nikairudisha mu kikapo chake, nikanyamaza.

Jumapili pasta akaona kola imeungua, akauliza nani aliichoma. Yule maman akajibu, "Sijue." Kwetu Nkanka, mwenye anasema "sijue" mbele ya pasta ndiye mwenye makosa. Akasimamishwa mu korali mpaka atubu. Akapewa benchi ya nyuma, karibu na mulango. Na ilibaki wiki tatu tu korali ivuke daraja ya mupaka kuenda kuimba Bukavu, kwenye dada yake anaishi. Alikuwa amekwisha kumwambia huyo dada, "Utaniona mustari ya kwanza."

Mimi niko mukristo wa kweli. Nikaamua kutubu. Nikafunga siku tatu bila maji, nikalala chini ku sima, simenti tupu bila mukeka, nikaenda ku maombi bila viatu mu ile njia ya mawe.

Maman yangu akaniangalia. "Unafunga juu ya nini?"

"Juu ya zambi."

"Gani?"

"Za dunia."

"Za dunia ni mingi, siku tatu haitatosha. Kuja umenye viazi."

Jumapili ya pili, saa ya ushuhuda, nikasimama. Kweli nilitaka kusema juu ya kanzu. Lakini nilianza na kufunga, juu ndiyo ilikuwa rahisi. Nikaeleza kiu, nikaeleza sima, nikaeleza mawe. Bamama bakasema amina. Niliona bamoja bako nalia, nikaongeza mawe. Wakati nilitaka kufika ku kanzu, pasta alikuwa amekwisha kuanzisha wimbo. Akanitia mu kikundi ya baombezi. Kule ku benchi ya nyuma, yule maman alipiga makofi kama bengine.

Kisha ibada nikamufuata mu njia.

"Maman, ni mimi nilichoma kanzu."

"Najua. Pasi ya kwenu imekatika ncha. Alama yenye iko ku kola haina ncha."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka itoke mu mudomo yako. Sikujua itapitia kwanza ku miguu."

Nikamwambia anisamehe.

"Nilikusamehe zamani. Lakini pasta hajui, na mimi niko nakula upepo ya mulango." Akatembea kidogo, akasimama. "Jumapili yenye inakuja, kula kwanza. Mwenye njaa anaongeaka mingi."

Nilikula sahani mbili ya maharagi. Nikasimama, nikasema: nilichoma kanzu, nikaacha maman aazibiwe kwa makosa yangu. Haikufika hata dakika moja. Hakuna mwenye alisema amina. Pasta akanitoa mu baombezi, akanionyesha benchi.

Korali ikavuka daraja. Yeye alikuwa mustari ya kwanza, na alivaa ile kanzu ya kola ya kuungua, juu hakuna mwingine alikubali kuivaa. Mimi nilibaki Nkanka, ku benchi ya nyuma. Ni kweli, kule kuko upepo.