Zima Kwanza na Kijisanduku Chenye Homa

Jina alilopewa na wazazi wake mtaa ulishalisahau. Kila mtu alimwita Zima Kwanza, kwa sababu fundi huyu wa umeme hakuwahi kuingia nyumba ya mtu akamaliza salamu bila kusema maneno hayo mawili. Walimtania kwamba hata ukimwita kwa kuwa umeme umekatika, bado atakwambia uzime. Hakujali. Kila mara aliijaribu testa yake, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye soketi yenye umeme aone kama inawaka, akazima swichi kuu, akaipiga kufuli dogo na ufunguo akautia mfukoni. Kisha akaupima waya anaotaka kuugusa, ingawa alikuwa ameuzima kwa mkono wake mwenyewe. Testa iliyokufa nayo itakwambia waya hauna umeme, alikuwa akisema, na utaiamini mara moja tu.

Alilelewa na mama mfumaji aliyemsomesha kwa sindano moja na mabunda ya nyuzi. Alipochagua ufundi umeme, shangazi zake waliuliza ni mwanamume gani atamwoa binti anayeshinda juu ya ngazi. Mama hakuinua hata macho kutoka kwenye kazi yake. "Atakayemshikia ngazi," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Miaka yote Zima Kwanza alifanya kazi chini ya mafundi wengine. Yeye ndiye aliyekaza skrubu, sifa wakachukua wao. Ndipo wapangaji wa jengo analoishi mama yake walipoamua kufunga visomaji vya mita, vile vijisanduku vinavyokaa kando ya mita na kutuma hesabu ya umeme kwenye simu, ili kila mtu aone ni kitu gani kinachomlia umeme. Mwenyekiti wao akamwambia afunge kimoja kwanza, nyumbani kwa mama yake. Kikienda vizuri hadi siku ya mkutano, jengo zima ni lake. Hiyo ingekuwa kazi yake ya kwanza kubwa kwa jina lake mwenyewe, na aliitaka hadi akakosa hamu ya kula.

Alikifunga kwa adabu zote. Bangili ya kupimia, ile pete inayohesabu umeme unaopita, aliivisha waya wa moto peke yake, akakaza kila skrubu kisha akavuta kila waya aone kama utachomoka. Majirani walipokuja kutazama, mama aliwapokea mlangoni na kuwaonyesha ukuta kama anayeonyesha mjukuu.

Hazikupita siku nyingi, simu ikalia.

"Mwanangu, kijisanduku chako kina homa."

"Zima kwanza, mama."

"Nimeshazima. Unadhani nimekuzaa bure?"

Alipofika alikigusa kwa mgongo wa mkono, akaurudisha haraka. Kilikuwa kinachemka, na harufu ya plastiki iliyopata moto ilikuwa bado ukumbini. Akafunga kufuli lake, akapima, akakifungua. Skrubu zote zilikuwa zimekazwa. Hakukuwa na waya uliolegea wala alama nyeusi. Alipowasha tena, alikaa kando yake muda mrefu, mama akifuma kimya kwenye kiti chake, na kijisanduku kikabaki na uvuguvugu wake wa kawaida kama chenye kumcheka.

Akakibadilisha, akaweka kipya. Nacho kikapata homa. Kila alipoitwa alikikuta cha moto, na kila alipokichunguza kilipoa mbele ya macho yake. Alianza kujishuku. Usiku alikuwa akizirudia nyaya zile kichwani, moja baada ya nyingine.

Harufu ikapanda ghorofani. Mwenyekiti akamsimamisha kwenye ngazi. "Fundi, nakuheshimu," alisema, "lakini siwezi kuweka moto kwenye kuta za watu. Ukija mkutanoni, njoo na sababu. La sivyo nitamwita mwingine."

Asubuhi ya mkutano alikwenda kwa mama bila kuitwa na bila kupiga simu. Mlango ulikuwa wazi, mama yuko uani anaanika nguo. Zima Kwanza akaingia ukumbini, akasimama kama aliyepigwa na butwaa.

Kijisanduku kilikuwa kimevaa. Kitambaa cha kufuma, cha buluu, kimekikaa sawasawa kama soksi, na katikati yake mama alikuwa amefuma alama ya radi kwa uzi wa njano. Alikuwa ameacha hata kitundu kidogo ili taa ya kijani ionekane.

Hasira ilimpanda kwanza. Kisha akaitazama ile radi, jinsi kila kona yake ilivyonyooka, na hasira ikakosa pa kukaa. Akazima, akakivua kile kitambaa.

"Vumbi, mwanangu," mama alisema nyuma yake, ndoo mkononi. "Kitu kizuri namna hii kikae uchi?"

"Mbona sijawahi kukiona hiki?"

"Ukija nakivua. Kwani redio naivisha mbele ya wageni?"

Zima Kwanza akamwonyesha matundu membamba ubavuni. Kinapumua hapa, mama, alimwambia, ukikivisha kinakosa hewa. Mama akaweka ndoo chini. Akakichukua kitambaa, akakikunja.

Mkutanoni Zima Kwanza alisimama akasema matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa, na sasa yako wazi.

"Yalizibwa na nini?" mwenyekiti akauliza.

Kumtaja mama yake mbele ya jengo zima hakuweza. "Kimeshaondolewa," alisema.

"Fundi, nusu ya jibu sipokei."

Zima Kwanza akatazama viatu vyake, akaiona kazi inakwenda, akajikaza asiseme.

"Yalizibwa na hiki," mama alisema. Alikuwa amesimama kati ya wapangaji wenzake, amekiinua juu kile kitambaa cha buluu. "Nilikivisha mimi. Nilitaka kila anayeingia kwangu aikute kazi ya mwanangu haina vumbi. Yeye hakukosea hata skrubu moja. Kosa ni la mikono hii."

Kitambaa kikapita mkono kwa mkono. Watu walicheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa cha kumsuta. Mama mmoja wa ghorofa ya juu akakiri kwamba chake, hata kabla hakijafungwa, alishaanza kukishonea pazia. Mwenyekiti akachungulia kwenye kile kitundu cha taa, akatikisa kichwa akitabasamu.

"Haya, fundi. Unaanzia juu au chini?"

"Zima kwanza," alisema, na jengo zima likaangua kicheko.

Leo ukimwona akipanda ngazi za jengo lolote, testa yake imo ndani ya mfuko wa buluu wenye radi ya njano, kitambaa kilekile kilichofumuliwa na kufumwa upya. Kitundu cha taa kimebaki palepale. Mafundi wenzake humcheka, naye huwaacha wacheke. Akimaliza kufunga kijisanduku humwambia mwenye nyumba jambo la mwisho: kisifunikwe, hata kwa mapenzi. Na akiulizwa mfuko huo kaupata wapi, huuinua uonekane vizuri.

"Kafuma mama yangu," husema, kisha huendelea na kazi.