Mdomo wa Daktari

Wauguzi walimwita Mama Kamusi, naye hakuona vibaya. Alikuwa mkalimani katika hospitali kubwa, ambako madaktari bingwa wengi walikuwa wageni wasiojua hata kusalimia, na wagonjwa wengi Kiingereza kiliwapita kando. Kabla ya hapo alikifundisha Kiingereza shuleni, na ualimu haukumtoka. Muuguzi akijisahau akasema ana-look televisheni, Mama Kamusi aliiacha chai yake ipoe ili amweleze kuwa look ni kutupa jicho, see ni kuona hata usipotaka, na watch ni kukaa ukaangalia mpaka mwisho. Tuseme ukweli, alikuwa anachosha, lakini walimpenda hivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa na sheria moja. Mkalimani hasemi "daktari anasema." Daktari akisema "mimi," naye husema "mimi." Daktari akiomba radhi, yeye ndiye anayeomba radhi. Mgonjwa akilia kwamba anakufa, mkalimani humgeukia daktari na kumwambia ninakufa, sauti imetulia, mikono mapajani. Mumewe alimtania kwamba kwa mshahara ule mdogo amekwisha kufa mara nyingi mno.

Jambo lililomkaa rohoni lilianza na fundi cherehani mmoja, mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, aliyemleta mumewe ini likiwa limeharibika. Daktari alimwambia taratibu kwamba atamtibu. Neno alilotumia ni treat, na treat ni kutibu tu: unatoa dawa, unapunguza maumivu, mengine huna uhakika nayo. Kuponya ni cure. Tofauti hiyo Mama Kamusi aliijua kama mlango wa nyumba yake, na asikudanganye mtu kwamba aliteleza ulimi. Fundi alikuwa amemkazia macho, anauma kona ya kanga yake, na huruma ikamzidi nguvu.

"Nitamponya," alisema.

Hakuna aliyegundua. Daktari hakujua Kiswahili, fundi hakujua Kiingereza. Fundi akatoka nje akampigia simu mama mkwe wake, bibi aliyeishi mbali na miguu ikimsumbua, akamwambia asihangaike na safari, daktari ameahidi mgonjwa atapona. Mgonjwa akafariki wiki ile ile, na mama yake hakuwahi kumwona.

Baada ya mazishi bibi alikuja hospitali mwenyewe, fimbo mkononi. Hakuja kugombana. Aliuliza ni nani aliyesema mwanawe atapona. Walipomwelekeza kwa daktari alikataa, kwani mkwewe alimwambia ile ilikuwa sauti ya mwanamke. Wakampeleka kwa Mama Kamusi, naye akasimama. Bibi akamwomba aseme neno lolote.

"Pole sana, mama," alisema Mama Kamusi.

Bibi akatikisa kichwa polepole. "Kumbe ndiyo hii. Nilitaka kuisikia tu. Nilikuwa naiwaza, sijui ikoje."

Akaaga kwa heshima zote, akaenda zake. Heri angemtukana. Tangu hapo Mama Kamusi akawa anaiogopa sauti yake mwenyewe. Anamenya viazi mchana kweupe, mara anasikia mdomo wake unasema nitamponya, na mumewe anauliza kutoka sebuleni, nani? Aliacha kuimba akifua. Ndugu zake akawa anawaandikia ujumbe badala ya kuwapigia. Kazini, wauguzi wakawa wanai-look televisheni watakavyo bila mtu wa kuwasumbua, na hawakufurahia hata kidogo.

Ndipo akaletwa binti wa dereva wa lori, msichana mwenye saratani ya damu. Daktari alikuwa mpya, lakini chumba kilikuwa kile kile. Mke wa dereva na watoto wengine walikuwa nyumbani, safari ya saa kadhaa kwa basi, wakisubiri kuambiwa waje au wasije. Daktari akasema atamtibu, na safari hii Mama Kamusi akasema, "Nitamtibu."

"Atapona?" aliuliza dereva.

Mkalimani akalivusha swali. Daktari akajibu kwa neno wish. Angetumia hope, lingekuwa tumaini, mlango ungebaki wazi. Wish ni kutamani kile ambacho unajua huna. Dereva alikuwa anautazama mdomo wa Mama Kamusi, si wa daktari. Ile "natumaini" ilikuwa imemfika kwenye ncha ya ulimi, nyepesi, na angemwona yule baba akishusha pumzi. Akaimeza, na ilimuuma kuimeza.

"Natamani ningeweza kukuambia ndiyo," alisema.

Macho yalimwiva dereva. Kisha akauliza, "Hivi wewe una watoto?"

Alimuuliza yeye, hilo lilikuwa wazi. Lakini sheria ni sheria, kila linalosemwa chumbani huvushwa, na woga ukamfanya aikumbatie sheria. Akamgeukia daktari, akamuuliza kwa Kiingereza kama ana watoto. Daktari akajibu kwamba hana.

Mama Kamusi alikuwa na watatu, na kitinda mimba wake alikuwa rika moja na yule binti kitandani. Alisema, "Sina."

"Nilijua tu," alisema dereva.

Akasimama dirishani, akatoa simu, akampigia mkewe. Alimwambia awachukue watoto wote waje leo, wasisubiri kesho. Inaonekana mke alibisha, alitaka kujua ni nani aliyesema hali ni mbaya kiasi hicho, kwa sababu dereva alimgeukia Mama Kamusi akamtazama kwa muda mrefu, simu ikiwa bado sikioni.

"Kuna mwanamke hapa ndiye aliyeniambia," alisema. "Huyu hana mtoto, hajui uchungu wake. Lakini namwamini. Njooni."