Waliogonga Milango ya Meli

Mama yangu alifariki Tanga mwaka 2016, mimi nikiwa Johannesburg. Sikwenda kuzika na sikulia. Nilikufa ganzi tu, mwili mzima, kama fizi iliyochomwa sindano. Wiki iliyofuata nikaanza kazi ya kumtunza mzee mmoja Mzungu kule mtaa wa Bertrams, mjini humohumo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa baharia kwenye meli ya kushusha vifaru, ile inayopanda hadi ufukweni na kufungua milango miwili mikubwa puani. Kazi yake ilikuwa milango hiyo. Siku moja mabomu yalipozidi akaamriwa aifunge, meli irudi nyuma, na askari wengine walikuwa bado majini wakiifuata ili waingie. Sasa mzee ana miaka tisini na kitu, na kila asubuhi nikimlisha uji ananiuliza jambo moja tu: waliingia wote?

Binti yake alinionya siku ya kwanza. "Sita walibaki. Lakini ukiulizwa, sema waliingia wote." Nikasema sawa, madam. Basi miezi minne nikawa nasema waliingia wote, na mzee anageukia ukutani, uji hataki tena. Alikuwa ananiudhi, jamani! Unamjibu mtu vizuri halafu anakununia.

Asubuhi moja, nikiwa njiani kwenda kazini, dada yangu akanipigia kutoka Tanga, akaropoka. Kumbe mama aliniita siku mbili nzima kabla hajakata roho. Mimi niliambiwa alilala tu, hakuamka. "Tulikuficha usije ukaumia," akasema. Nikakata simu. Hasira nilikuwa nayo, machozi sina.

Nilipofika mzee akauliza swali lake.

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Sita walibaki."

Nikajua hapo kazi sina. Lakini safari hii mzee hakugeukia ukutani.

"Najua," akasema. "Niliwasikia wakigonga. Kila nikisema waligonga, watu wananiambia nimeota."

"Hukuota, mzee."

Akaniomba nivute kiti. Akanisimulia jinsi walivyogonga, kwanza kwa ngumi, kisha kwa kitu cha chuma, hadi wakanyamaza. Alipomaliza, nikamwambia mama yangu aliniita siku mbili, na mimi sikuwepo. Hata habari ya kifo chake sikuwa nimemwambia mtu yeyote.