Jostiki Upande wa Kushoto

Mdogo wangu aliniletea ile mashine ya gemu juu ya mkokoteni, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtukana. Aliinunua kwenye hoteli moja ya Matemwe iliyofunga: mashine ya kusimama, ndefu kama kabati la nguo, ina kioo juu na chini yake ubao wenye jostiki mbili, zile fimbo za kuchezea, na vibonyezo. Chumvi ya bahari ilikuwa imeila. Ubao umevimba kama mkate uliomwagikiwa chai, na fundi wa huko, Mungu amsamehe, jostiki alizipigilia kwa misumari. Niliing'oa kwa koleo huku nikimlaani, msumari kwa msumari.

Mimi ni seremala. Karakana hii ya Mji Mkongwe ameniachia baba, na kwa muda mrefu watu walipita mlangoni kumtazama mwanamke anayepiga randa kama wanaotazama ajali. Sasa wamezoea. Mdogo wangu hakunichagua kwa undugu. Alijua kuwa kazi yenye bolti inayoonekana haitoki mlangoni kwangu.

Jostiki haifungwi hivihivi. Ina bati lake, na bati hilo hukaa chini ya ubao. Ubao ukiwa mnene, fimbo hubaki fupi, haishikiki. Kwa hiyo unageuza ubao na kuuchimba kwa patasi mpaka bati lipate kitanda chake. Ukizidisha pigo moja, patasi inatokea upande wa pili na mbao ya watu imekufa. Bolti unazizamisha, na kila kichwa unakifunika kwa kizibo cha mbao ileile, nyuzi zake zikifuata nyuzi za ubao, kisha unapiga msasa mpaka kiganja kikipita kisihisi kitu. Ni kazi yenye kipigo kingi ndani na nje haionekani alama, na mimi naipenda. Nilichagua kipande cha mninga, nikakipima, nikachora kwa penseli mahali pa jostiki.

Alasiri yake mdogo wangu akaja kutazama, kamshika bintiye, mtoto wa miaka saba. Mtoto akaniamkia shikamoo, akanipa mkono wa kulia. Wa kushoto aliuficha kwenye mikunjo ya gauni. Baba mtu akaitazama michoro yangu, akasema jostiki nizihamishie kulia, vibonyezo viende kushoto. Nikamwambia mashine za namna hii fimbo hushikwa kwa kushoto, ndivyo zilivyo. Akasema hilo ndilo asilolitaka nyumbani kwake. Huyu mtoto ana mashoto, na yeye yumo katika kumtibu.

Nikamwita mtoto. Akaitika labeka, akasogea. Nilipomwomba mkono wa pili alimtazama babake kwanza. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, kimoja kimechubuka ngozi. Mdogo wangu akanieleza bila haya hata kidogo: ni rula, tena kwa ubavu wake, kila anaposhika kalamu kwa mkono huo.

"Baba alikunyoosha wewe, dada," akasema, "na umenyooka. Leo nani anajua kama ulikuwa na mashoto?"

Baba alinifunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kipande cha kanga. Nikiufungua, alinipiga vifundo kwa mpini wa patasi, palepale kwenye meza ya kazi. Kula kwa kulia nilijifunza, na hilo namshukuru. Ni adabu na ni Sunna, sibishani. Lakini kalamu si sahani ya wali. Kila alipokwenda msikitini nilihamisha patasi mkono wa kushoto, nikafanya kazi ya saa nzima kwa dakika chache. Amekufa hajui. Mdogo wangu naye hakujua.

Nilimzaba kofi. Lilikuwa la kushoto, limetoka begani, na mtu mzima yule mwenye ndevu aliyumba. Akanisukuma kifua, nikaangukia kona ya jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, nyusi ikapasuka. Niliinuka na nyundo ya mbao mkononi. Sitaki kupamba maneno: nilitaka kumvunja. Nilimpiga bega, akapiga ukelele, akanikamata nywele, tukaanguka kwenye maranda tukiumana kama paka, watu wa tumbo moja. Damu yangu iliniingia jichoni na bado nilikuwa namtafuta. Mshona viatu wa mkabala ndiye aliyekuja kutuachanisha, na yeye pia nilimpiga.

Mtoto alisimama pembeni, hakulia. Hilo liliniuma kuliko nyusi.

Mdogo wangu aliketi sakafuni akihema, mdomo unatoka damu. Macho yake yalikuwa juu ya nyundo, na juu ya mkono wa kushoto ulioishika.

"Siku zote hizo?" akauliza.

"Siku zote hizo. Hata hicho kitanda unacholalia nimekichonga kwa huu."

Nikamwambia jostiki zitakaa kushoto, na rula itavunjwa, la sivyo mashine yake nitaifanya kuni. Akaitikia kwa kichwa, akamshika mtoto wakaenda zao.

Nilichimba vitanda vya bati kwa hasira, nikashangaa mkono haukukosea hata mara moja. Damu iliyodondokea mninga niliitoa kwa msasa. Siku ya kuipeleka, tuliisimamisha sebuleni kwake, tukaiwasha, kioo kikajaa rangi. Mdogo wangu alipitisha kiganja juu ya ubao, akarudia, akatafuta bolti asizione. Akacheka. Bega lilikuwa bado linamuuma, nilimwona. Akamwita bintiye aje afungue mchezo yeye.

Mtoto akaja, akasimama mbele ya mashine. Akaupeleka mkono wa kulia mbele ya kifua chake, akaishika jostiki ya kushoto hivyo hivyo, mwili umepinda, mkono mwingine nyuma ya mgongo. Kwenye kioo mtu wake akapigwa mpaka akalala.

"Tumia wa kushoto, mwanangu," mdogo wangu akamwambia, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. "Baba kakuruhusu."

Hakujitikisa. Mdogo wangu akainua mkono ili amshike, amwekee vidole juu ya jostiki, basi, si zaidi ya hapo. Mtoto akauona mkono unainuka. Akautoa wa kushoto nyuma ya mgongo, akaulaza juu ya ubao, vifundo juu, akafumba macho, akangoja.