Beseni Moja Kilioni

Tarehe nane, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikaacha saa nne, tope jeusi likabaki mlangoni.

Leo tulienda kilioni kwa jirani, hapa kwetu Katoyi. Mzee wa parsele ile, kiwanja cha pili na chetu, alizikwa jana. Si kolera iliyomuua, ni moyo, niandike ukweli. Lakini kolera, kipindupindu hiki, iko kwenye kartiye, mtaa wetu wote. Watu wanasema wakimbizi wa Masisi ndio waliileta walipokimbia vita. Mimi sisemi hivyo. Kabla hawajafika, sisi wenyewe tulikuwa tunakunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha. Na mama mkwe wangu ni mkimbizi wa Masisi, analala kwangu.

Mimi ni relé wa afya, napita nyumba kwa nyumba kufundisha watu kunawa na kutia dawa kwenye maji. Nilisoma mpaka darasa la sita la primeri tu. Nikisimama mbele za watu, sauti inatetemeka, na pengine wanaonicheka wana haki.

Kilioni beseni ni moja. Linazunguka, kila mtu anatia mikono, wa mwisho anakuta maji kama mchuzi. Halafu wote wanakula fufu, ugali wetu, kwenye sahani moja. Wenye desturi hiyo si wajinga. Kunawa pamoja ni kusema: sina kitu na wewe, mkono wangu hauna sumu. Anayenawa peke yake anaanza kutazamwa.

Asubuhi mama mkwe aliniona nafunga bidoni, dumu la maji, na sabuni.

"Ukinipatisha haya mbele za watu kule," alisema, "mimi nahama. Narudi kulala kanisani na wenzangu."

Nikabeba bidoni.

Beseni liliponifikia, sikutia mkono. Nikasema, "Poleni kwa msiba. Lakini maji haya sinawi. Nimeleta mengine, nitamwagia kila mutu."

Papa mmoja, mtu mzima wa hapa mtaani, akapiga kelele: "Relé amefika! Leo hata marehemu atafundishwa kunawa!" Wakacheka, kilioni pale.

Mama mkwe hakucheka. "Mukwe wangu, unakataa mikono ya watu? Unatuona siye ni watu wa sumu?"

Neno hilo likitamkwa kilioni, halirudi. Niliona milango ya Katoyi ikifungwa mbele yangu, na mama huyu akibeba mkeka wake kurudi kanisani, kwenye ubaridi. Nikakumbuka kwamba kwetu anayemkaribisha mutu pombe anaionja kwanza. Nikajaza kopo kwenye bidoni, nikanywa yote mbele yao. Dawa ilinuka mpaka puani.

"Mama, nimeonja. Sumu iko wapi? Wanaotaka beseni, wabaki nalo. Mimi sitatia mkono humo, leo wala kesho, hata muniite jina gani."

Mjane wa marehemu ndiye aliyenyoosha mikono wa kwanza. "Mwaga, mama. Nimezika mmoja, inatosha."

Wengine wakamfuata. Si wote, nisijisifu. Wengi walibaki na beseni, na yule papa naye akanawa humo. Halafu akaja kwangu: "Lete basi sabuni, maana ni ya bure." Nikammwagia. Mama mkwe hakunawa popote, na hakula.

Tuliporudi alitangulia, mimi nyuma na bidoni tupu. Kwenye njia panda, kushoto ni kanisani, kulia ni kwetu. Akasimama. Kuomba msamaha sikutaka, maana sikuona kosa; lakini aende, sikutaka pia. Akatazama mawingu.

"Mvua inarudi," akasema, akapita kulia.

Jioni nilipika fufu, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Niliweka bidoni na sabuni karibu na sahani. Bwana yangu alinawa. Mama mkwe akaitazama bidoni, akanitazama mimi, akaomba kijiko. Yeye, ambaye siku zote husema kijiko ni cha wagonjwa.

"Na maji yako ubaki nayo," alisema.

Nikakiosha kijiko vizuri kwa maji hayohayo, nikampa kwa mikono miwili. Alikula fufu kwa kijiko, akaongeza sombe, na sambaza wa mwisho alichukua yeye.