Beji Niliyomnyima Festo

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua za rasharasha, mwanangu, nilipopewa kazi ya kumpima kijana mwenzangu nikampima vibaya. Umeniambia kwamba siku hizi wewe ndiye msaidizi wa mwalimu wenu wa skauti, na mwezi ujao utawatazama wenzako kambini useme nani anafaa kupandishwa cheo. Basi keti kidogo. Habari hii sijaisimulia mara nyingi, kwa sababu haina mahali pa kujisifia.

Wakati huo tuliishi Shauri Moyo, chumba kimoja cha nyumba za baraza la jiji, mimi na wadogo zangu wawili, Wairimu na Mugo. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, baba kwanza, mama akamfuata. Niliacha shule ya msingi kabla ya mtihani wa mwisho nikaingia Gikomba kwenye karakana ya vitanda na makabati. Niliamka kabla yao, nikawasha jiko, nikapika uji, nikapiga pasi sare zao, nikaenda kazini. Jioni nilirudi nikapika tena, nikafua, nikapiga deki. Majirani wakanibatiza Baba Wairimu, ingawa Wairimu ni dada yangu wa tumbo moja. Nililipenda jina hilo. Sikukosa kazi, sikukosa kanisani, na sikuwahi kuwaacha wadogo zangu walale njaa. Hayo nayasema ili uelewe jicho nililokwenda nalo kambini.

Kitu kimoja tu cha utoto nilichokataa kukiacha ni skauti. Tulikutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mtaa. Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Ezra, mtu mzima aliyefundisha shule ya msingi, mpole, mwenye kofia pana iliyopauka. Nilipotimiza umri wa kutoka kwenye kundi, alinifanya msaidizi wake, na vijana wakaanza kuniita Skauta, jina la kiongozi wa maskauti.

Kundi letu liligawanywa katika vikosi vidogo tulivyoviita patroli, na kila patroli ilikuwa na kiongozi wake. Mwaka huo viongozi wawili walikuwa wakingoja beji ya cheo cha juu. Mmoja aliitwa Daudi, mwingine Festo, mtoto wa fundi wa reli aliyekaa Muthurwa. Walikuwa wamekwisha kufaulu mafundo, huduma ya kwanza na kusoma ramani. Lilibaki sharti moja, kuonyesha kambini kwamba wanaweza kuongoza. Mwalimu Ezra akaniambia, "Simoni, hili nakuachia wewe. Utakalosema ndilo nitakalofuata."

Kambi ilikuwa kwenye shamba la kanisa nje kidogo ya mji. Tulipofika tu, Daudi alivua shati akaanza kazi. Alipigilia vigingi, akafunga kamba, akapasua kuni, akasonga ugali mwenyewe huku jasho likimtiririka. Vijana wake walisimama wakimtazama, wawili wakarushiana mawe, mmoja akalala. Nilipomwona akipuliza moto, macho mekundu kwa moshi, nilijiona mimi mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Festo je? Festo alikaa juu ya mtungi wa maji uliofunikwa. Aliwaonyesha vijana wake mahali pa hema, akawagawia kazi kwa maneno machache, akakaa. Mmoja alifunga kamba vibaya na upande mmoja wa hema ukalegea kama sketi ya bibi kizee. Wa patroli ya Daudi wakacheka.

"We Festo, hiyo ni hema ama banda la kuku?"

"Bosi amekaa! Mletee chai bosi!"

Festo akacheka nao. Kisha akamwuliza yule kijana aliyefunga, "Sasa ukiangalia, unaona shida iko wapi?" Kijana akazunguka hema, akakuna kichwa, akafungua, akafunga tena, mara hii vizuri. Mvua ilipoanza, Festo aliuliza swali jingine tu, "Maji yakishuka hapa yatapita wapi?" Nao wakachukua jembe wakachimba mfereji. Chakula chao kilikuwa tayari mapema, na kila mmoja alijua zamu yake ya kuosha sufuria. Yote hayo niliyaona, mwanangu. Niliyaona kwa macho yangu mawili, na bado nikamwita mvivu.

Jumapili mchana nilimwita kando nikamwambia kwamba hajatimiza sharti.

"Skauta, kwani hema letu lilivuja?"

"Halikuvuja."

"Chakula kilichelewa?"

"La."

"Basi nimekosea wapi? Niambie nirekebishe."

Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua, "Kiongozi hutangulia kwa mikono yake. Wewe ulikaa ukawaachia watoto wa watu kazi."

Akaninyooshea mkono wa kushoto, kama maskauti wanavyosalimiana, akasema, "Sawa, Skauta." Alikuwa akiingoja beji hiyo kwa muda mrefu, na nilijua mama yake alikuwa amekwisha kununua uzi wa kuishonea.

Jioni hiyo Mwalimu Ezra aliniuliza nilichoona. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Patroli ya Daudi, Daudi akiumwa kesho, nani atasonga ugali?"

Nikawakumbuka vijana wake wakirushiana mawe.

"Na ile ya Festo?"

"Yeyote kati yao, Mwalimu."

Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alisema tu, "Nilikupa neno langu, sitakupindua mbele ya vijana, maana hawatakusikiliza tena. Lakini nadhani umeona mwenyewe. Jumamosi ijayo mwite Festo, umwambie ulikosea. Beji yake nitakuwa nayo mfukoni."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilijiambia, huyu mwalimu analala kwake, ana mke wa kumpikia, anajua nini kuhusu kubeba watu mgongoni? Jumamosi ikafika. Daudi akavishwa beji, tukapiga makofi, na Festo akapiga makofi pamoja nasi. Mwalimu akanitazama. Nikajifanya nakunja bendera. Jumamosi iliyofuata Festo alikuja, akamkabidhi kijana mmoja filimbi ya patroli, akaaga kwa adabu. Nilikuwa mlangoni alipopita. Neno lilikuwa mdomoni, nikalimeza.

Haikupita muda mrefu msumeno ukanichana kiganja pale karakanani. Nikafungwa bendeji hadi kwenye kifundo cha mkono, nikaambiwa nisishike kitu. Siku ya kwanza nilikaa kitandani nikamwambia Wairimu awashe jiko. Alikuwa msichana mkubwa, amekwisha kuingia sekondari. Akamwaga mafuta ya taa mpaka makaa yakaelea, moshi ukajaa chumba, Mugo akakimbia nje akikohoa na kucheka. Ugali ulipotoka ulimiminika kama uji. Mama Akinyi, jirani yetu, alikuja mbio akidhani nyumba inaungua. Alipoona sufuria akashika kiuno.

"Baba Wairimu! Hawa watoto umewalea ama umewafuga?"

Alisema kwa utani, na sote tukacheka, ila Wairimu. Mama Akinyi alipotoka, dada yangu alisema polepole, bila kuniangalia, "Kila niliposhika mwiko ulininyang'anya. Uliniambia toka, utaungua. Nilikuwa nataka kujifunza, nikachoka kuomba."

Mwanangu, nilikuwa nimewapa wadogo zangu kila kitu nilichoweza. Nilikuwa nimesahau kuwapa nafasi. Na nilipomkuta kijana anayewapa wenzake nafasi hiyo hiyo, kijana aliyejua jambo ambalo mimi sikulijua, nilimwadhibu kwalo.

Jumapili, baada ya ibada, nilitembea mpaka Muthurwa mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Nilikuta mwanamke mwingine akianika nguo mbele ya nyumba yao.

"Hao walihama," alisema. "Mzee alipewa uhamisho, wakaondoka na watoto wote. Wewe ni nani wao?"

"Nilikuwa skauta wa Festo."

"Ah, yule kijana mtulivu! Mama yake alisikitika sana. Alisema mtoto aliacha mambo ya skauti ghafla na hataki kusema sababu. Kwani alikosa nini huko?"

"Hakukosa lolote," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka, na nilimtamkia mtu asiyehusika. Nilituma salamu kwa wafanyakazi wa reli niliowajua, sikupata jibu. Mwalimu Ezra alikaa na ile beji mpaka alipostaafu. Kama Festo yuko hai ni mtu mzima sasa, na huenda bado anaamini kwamba kukaa kwake juu ya mtungi kulikuwa uvivu. Huenda aliacha kuwauliza watu maswali, akaanza kuwafanyia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko beji. Daudi naye hakuwa na hatia. Alifanya alichoona ninakisifu, na alipokwenda shule ya bweni, patroli yake ilisambaratika.

Basi mwezi ujao utakapokwenda kambini, usimkodolee macho kiongozi peke yake. Tazama walio naye. Mtume kiongozi huyo mahali kwa muda, kisha uone kama kazi inaendelea, kama mdogo wao anathubutu kujaribu, kama akikosea anaogopa au anarudia. Jihadhari zaidi na yule anayefanana na wewe, maana utampenda kabla hujampima. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, usingoje kiburi kipoe. Nenda siku hiyo hiyo, mtafute ungali unajua anakoishi, umwambie kwa kinywa chako.

Mungu akupe jicho la kuona kazi inayofanywa bila kelele. Akulainishie ulimi upesi unapokuwa na neno la kumrudishia mtu heshima yake, na wale utakaowaongoza wawe imara hata siku usipokuwepo. Nenda salama, mwanangu.